Namba Niliyomwandikia Somoe

Ujinga wangu mwingi nimeshausimulia watu wakacheka, lakini huu huwa naupita kimya, na leo nausema kwa sababu tu mmenibana, ila naomba asiwepo wa kucheka, maana mimi mwenyewe sijaweza mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja mjini Mtwara, kijana wa Likombe niliyemaliza darasa la nane, suruali ina mstari wa pasi, kalamu mbili mfukoni (moja haikuwa na wino, ilikuwa ya urembo). Kazi yangu ilikuwa kupokea kadi ya mgonjwa kutoka kwa mganga, kuandika jina kwenye kitabu kikubwa, kisha kutazama orodha iliyobandikwa ukutani, kila ugonjwa na namba yake, na kuweka namba mbele ya jina. Mwisho wa mwezi namba zilikwenda kwa wakubwa wa afya, nao waliamua dawa iende wapi na gari liende wapi.

Siku hiyo akaja binti wa Mahurunga, Somoe, kajitanda kanga, na alipoifunua nikaona sikio la kushoto limevimba, nene, linang'aa. Kwenye kadi mganga aliandika neno refu la kidaktari ambalo sikulielewa. Orodha yangu ilikuwa na namba moja tu ya sikio, ya usaha utokao ndani, na Somoe hakuwa na usaha. Mganga alikuwa kwake anakula, hata hatua mia mbili hazifiki, ningeweza kwenda kumuuliza. Lakini wiki iliyotangulia nilimuuliza jambo akanijibu mbele ya wagonjwa kwamba alidhani ameletewa karani, kumbe kaletewa mwanafunzi. Nikaona haya. Pale ukutani palikuwa na picha ya mgonjwa wa ukoma mwenye masikio manene, nikaitazama, nikamtazama Somoe, nikaandika namba ya ukoma. Yeye akachomwa sindano, akapewa vidonge, akaenda zake.

Baada ya wiki tatu akaja Bwana Afya na Landrova, anafuatilia wagonjwa wapya wa ukoma, anatafuta mtu wa kumwonyesha njia ya Mahurunga. Nikajitolea mimi (nilipenda sana kukaa kiti cha mbele), na njia nzima nikajiona shujaa niliyegundua mgonjwa.

Tulikuta harusi. Wanawake wanapika, upande wa bwana harusi umeshawasili kutoka Kitaya, na bibi harusi ndiye Somoe. Bwana Afya, mtu mwenye adabu, akamwomba mjomba wake Somoe wazungumze pembeni. Mimi nikabaki kwenye gari, mama mmoja akaja kuniuliza tumefuata nini, na badala ya kunyamaza nikamjibu kwa sauti ya kiofisi kwamba tumemfuata mgonjwa wa ukoma, anaitwa Somoe.

Bwana Afya hajamaliza salamu, habari imeshazunguka uwanja mzima. Miko ikaachwa kwenye masufuria. Shangazi zake bwana harusi wakainuka mkekani mmoja mmoja, wakaenda kusimama mbali, na hakuna aliyewafukuza.

Somoe akatolewa nje. Bwana Afya akampitishia pamba usoni na mikononi huku Somoe amefumba macho, kuona kama ngozi imekufa ganzi kama ya mwenye ukoma, na kila ilipogusa Somoe akasema. Bwana Afya akaminya ndewe ya sikio, laini kabisa. Uvimbe ulishakwisha, ila juu sikio lilikuwa limejikunja. Somoe akaeleza kwamba alitobolewa hapo juu kwa mwiba wa mlimau ili siku ya harusi avae vipuli. Bwana Afya akasimama akawaambia watu wote kwamba huu si ukoma wala haujawahi kuwa, ni gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio, iliingia uchafu wa tundu ikaumuka. Kisha akageuka akauliza nani aliandika. Nikaanza kuilaumu orodha, kwamba haikuwa na ugonjwa huo.

Somoe akanitazama. "Jina langu uliniuliza mara tatu usije ukalikosea," akasema. "Sikio langu hukumuuliza mtu hata mara moja."

Watu wa Kitaya waliondoka kabla ya alasiri. Wali haukuliwa.

Ijumaa iliyofuata nilirudi kwa miguu kuomba radhi. Mjomba wake akanikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Msamaha tumeupokea, mwanangu," akasema. "Sasa pita nyumba kwa nyumba uwaambie wao."

Nikapita, jua la utosini, nyumba zote. Walinisikiliza kwa heshima, na karibu kila nyumba iliniuliza swali lile lile: kama si ukoma, gari la serikali lilifuata nini? Nikieleza, wanaitikia kwa kichwa, na nikiwapa mgongo nasikia minong'ono.

Tangu siku hiyo mpaka nastaafu, nisilolijua niliinuka nikauliza, mganga awe anakula, awe amelala, anitukane mbele ya nani. Somoe nilisikia amehamia Lindi kwa mama yake mdogo. Kama aliolewa huko sijui, na hilo moja sijathubutu kumuuliza mtu.