Nyama ya Kula Peke Yangu

Sungura wangu wa kwanza walitoka misheni. Nilikuwa nikifua nguo za padri mmoja mgeni, mzee mpole mwenye kigugumizi, na alipohamishwa aligawa vitu vyake kwa sisi tuliomtumikia. Mpishi alipata kitanda. Mtunza bustani alipata baiskeli. Mimi nilipewa sungura wawili, dume na jike, pamoja na kizimba chao cha mbao na wavu, na wenzangu wote walinionea huruma.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameshaondoka. Pamba yetu iliharibika, mvua ilikatika maua yakiwa bado mtini, naye akasema anakwenda upande wa Geita kujaribu dhahabu, msimu mmoja tu, kisha atarudi na ng'ombe. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara ya vumbi, na majirani niliopangiwa hawakuwa wale niliowazoea kule mashambani. Tuliwahi kupata mtoto mmoja wa kiume, akafa kwa surua kabla hajaanza kutembea. Watu waliendelea kuniita mama wa mtoto huyo, kwa kuwa mwanamke lazima aitwe kitu. Kila nilipoitwa kisimani niliitikia, na kila nilipoitikia nilimkumbuka.

Padri alinifundisha machache kabla ya kuondoka. Majani yasiwe na umande. Yaanikwe mpaka yanyauke, la sivyo tumbo la sungura huvimba akafa. Jike ndiye anayepelekwa kwa dume, maana dume akiingia kwenye kizimba cha jike hupokelewa kwa meno. Akikaribia kuzaa, apewe kasha lenye nyasi kavu na aachwe. Mara ya kwanza nilipomwona jike akijinyonyoa manyoya ya kifuani nilidhani ameingiwa na wazimu. Asubuhi nilipofunua kasha nikakuta vitoto vyekundu, macho yamefumba, vimezama ndani ya manyoya yale vikipumua kwa pamoja.

Kuchinja nilijifunza mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na mwanamume wa kunichinjia. Nilimshika sungura miguu ya nyuma, nikampiga nyuma ya masikio kwa mchi, nikamkata shingo upesi. Ngozi ilivulika kama shati la mtoto. Kwetu anayechinja hupeleka kipande kwa jirani, basi siku ile nilipika kwa karanga, nikachagua mapaja, nikampelekea mama wa nyumba ya pili. Jioni alinirudishia bakuli likiwa limefunikwa kwa kitambaa changu kilekile.

"Asante, mama," alisema. "Ila watoto walikuwa wameshakula."

Nilipofunua, vipande vyote vilikuwamo. Baadaye nilisikia wanavyosema: hao ni paka wa wazungu, ukiondoa kichwa huwezi kutofautisha. Sikumchukia. Alikuwa mtu mwema, na nilipougua homa ndiye aliyenichotea maji. Lakini tangu hapo nilichinja siku za Jumapili nikitoka kanisani, nikapika, nikala peke yangu mlango ukiwa umerudishwa. Nyama ilikuwa laini, nyeupe, yenye mchuzi mzito. Mara nyingine nilijisikia nikisema kwa sauti kwamba chumvi imekolea.

Waliozidi niliwapeleka wakiwa hai kwa mwenye duka mmoja wa karibu na stesheni, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Tabora. Yeye alichinja mwenyewe kwa kisu chake, akanipa sabuni na chumvi. Ilikuwa miaka ambayo watu walikesha kwenye foleni kwa kipande cha sabuni, kwa hiyo kwa njia hiyo sungura walinisitiri. Lakini hawakuwa watu. Ukiwaambia neno, wanatikisa pua.

Basi ikawa siku moja ya kiangazi, alasiri, lori la pamba likasimama barabarani akashuka msichana mwenye mimba. Alikuwa na mkeka na kikapu. Alitembea moja kwa moja mpaka uwanjani kwangu, akapiga magoti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Nimetumwa kwako na mwenye mji." Alikuwa akiangalia chini. "Amesema nikae hapa mpaka nijifungue. Kule machimboni maji ni mabaya, wanawake wanakufa kwa kuhara."

Mwenye mji ni mume wangu. Nilikuwa sijamwona kwa misimu kadhaa ya mvua, na habari zake zilinifikia kwa namna hiyo, kwa tumbo la mtu mwingine. Nilimwambia aketi. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya vizimba nikiwa nimeshika wavu kwa vidole, sijui kwa muda gani. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Wanawake wa kijiji walikuwa wameshaanza kutokea milangoni wakisubiri kelele. Nilirudi nikamsongea ugali.

Nilimpa nafasi jikoni, kibanda kilichokuwa karibu na vizimba. Tulikaa siku nyingi tukisemeshana yale ya lazima tu: maji yamekwisha, kuni ziko wapi. Yeye alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo. Kisumbwa chake na Kisukuma changu vilikaribiana, lakini tulizungumza Kiswahili, kama watu waliokutana ofisini. Alifagia uwanja kabla sijaamka. Nilifagia tena alipokuwa hayupo.

Kilichotubadilisha ni siafu. Alfajiri moja, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, nilisikia sungura wakipigapiga miguu ya nyuma kwenye mbao, kishindo kimoja baada ya kingine, jinsi wanavyofanya wakiona hatari. Nilipotoka nilimkuta yule msichana tayari yuko pale, amefungua kasha la vitoto, anavitia ndani ya khanga yake huku siafu wamemjaa miguuni mpaka magotini. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema tu, "Majivu, dada. Lete majivu." Nilizoa majivu ya moto kwa kipande cha bati, nikayamwaga chini ya nguzo, tena na tena, mpaka mstari ule mweusi ukageuka ukaelekea kwenye nyasi. Vitoto vichache vilikuwa vimekwisha. Vingine vilipona.

Tuliketi kizingitini tukitoana siafu. Wengine walikuwa wameng'ang'ania ngozi hata baada ya kukatika mwili.

"Kwa nini hukukimbia?" nilimuuliza. "Una mimba."

"Ningekimbilia wapi?"

Alisema hivyo bila kulalamika. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na miguu yake imevimba.

Jumapili iliyofuata nilichinja. Niliweka sahani moja katikati yetu. Alikula bila kuuliza ni nyama gani, ingawa alijua, alivunja mifupa, akaifyonza, akachukua kichwa akakimaliza chote, kisha akasema, "Dada, karanga ungeziacha zikaange kidogo zaidi." Nilicheka mpaka akashtuka. Hakuna aliyewahi kukosoa mapishi yangu tangu niolewe, kwa kuwa mume wangu alikula akiwaza mambo mengine.

Tangu siku hiyo tulikwenda pamoja kukata majani. Alijua kuyachagua kuliko mimi. Yale yenye maziwa aliyatupa, yale ya mbegu zinazonata kwenye nguo aliyataka zaidi, akisema yanaongeza maziwa ya jike. Jioni aliniambia habari za machimbo, watu wanaoshuka shimoni kwa kamba, pombe, na jinsi mume wetu alivyo mkarimu siku ya kupata na bubu siku ya kukosa. Nilimsikiliza kama anayesimulia habari za mtu nisiyemjua. Usiku nilisikia kikohozi chake jikoni, nikalala vizuri kwa sababu ya kukisikia. Mvua zilipozidi nilimwambia ahamie ndani.

Alijifungua mtoto wa kike wakati wa kupalilia mtama. Mkunga wa kijiji alimpokea, nami nilishika taa. Wanawake walikuja na unga na kuni, uwanja ukajaa, nikawa sina pa kukanyaga. Kila siku nilimpikia mzazi supu ya sungura, akainywa yote. Siku ya kumtoa mtoto nje aliniambia, mbele ya wote, "Huyu ataitwa jina lako." Si jina la mwanangu aliyekufa. Jina langu la utotoni, ambalo hapo kijijini hakuna aliyelijua; aliwahi kuniuliza tu tukikata majani. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Mume wetu alikuja mtoto alipoanza kuketi. Alikuwa na redio na viatu vipya, amekonda, macho mekundu. Alimbeba mtoto, akanisifu kwa kuutunza mji. Siku ya pili, tukiwa tunakula, alimwambia mke mwenzangu, "Jiandae. Keshokutwa lori linarudi Geita."

"Na dada?" aliuliza mwenzangu.

"Dada yako ana mji."

"Twende wote," alisema. "Au niache hapa na mtoto. Wewe utakuwa unakuja."

Mume wetu aliweka tonge chini. "Nyumba itabaki na nani? Na hao sungura nao watapanda lori?" Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha akanigeukia. "Wewe si unaelewa."

Nilitaka kusema sielewi. Nilisema, "Karibu mboga."

Siku ya kuondoka nilimtayarishia mwenzangu tenga lenye jike mwenye mimba na dume kijana, nikampa na majani yaliyonyauka ya kuwatosha njiani. Alilia; mimi sikulia. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake. Lori liliondoka, nami nikarudi kuangalia vizimba kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwapo.

Sikujua kwamba upweke una viwango. Ule wa kwanza niliuzoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja. Huu wa pili ulinikuta mezani, ulinikuta kwenye majani. Nilikata mzigo wa watu wawili nikaacha nusu porini. Sikuweza kuchinja. Jumapili zilipita nikila michembe ya viazi vilivyokaushwa na maziwa ya kuganda ya kununua, huku vizimba vikijaa, wadogo juu ya wakubwa, madume wakijeruhiana. Mwishowe walianza kuhara, na kila asubuhi nilifukia waliokufa nyuma ya nyumba. Waliobaki niliwapeleka kwa mwenye duka nikabakiza majike wachache. Alinitazama akasema, "Mama, njoo uwe unakaa na mke wangu mchana. Yuko peke yake pia." Nilikwenda mara moja. Alikuwa mwanamke mcheshi, na nyumba yake ilikuwa imejaa watoto. Sikurudi.

Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari. Mtoto anatembea. Sungura waliibwa na wachimbaji wakaliwa siku chache tu baada ya kufika. Halafu habari zikakatika.

Miaka ilipita. Mume wangu alirudi siku moja ameshikiliwa na utingo wa lori, anakohoa, kifua kimejaa vumbi la mashimo. Dhahabu ilikuwa imekwisha pale walipochimba, na mwenzangu alikuwa amerudi kwao Ushirombo na mtoto. Nilimwogesha, nilimlisha. Nilimpikia mchuzi wa sungura, na safari hii alikula akiwaza kile anachokula. "Ni tamu," alisema. "Hukuwahi kuniambia unapika hivi." Nilimwambia hakuwapo. Akaitikia kwa kichwa. Alifariki kabla ya mvua, nikamzika karibu na mwanetu.

Mwenzangu alipata habari akachelewa. Alifika mazishi yamekwisha, amenenepa, amevaa vizuri; kulikuwa na fundi seremala huko kwao aliyetaka kumwoa, na aliniambia hilo siku ya kwanza ili nisilisikie kwa wengine. Tulilia kaburini. Binti alikuwa amekuwa mrefu. Nilipomwita alijificha nyuma ya mama yake, akanichungulia kama mgeni, na ndivyo nilivyokuwa.

"Huyu ndiye mama yako mkubwa," mama yake alimwambia. "Msalimie."

"Shikamoo," alisema kwa sauti ndogo.

Walikaa siku chache. Mara ya mwisho tulipokwenda kukata majani, binti alikubali kunishika kidole kimoja, akakishika mpaka tuliporudi nyumbani. Niliwaambia wabaki. Mwenzangu alitazama vizimba, akatazama nyumba, akasema, "Dada, ningebaki zamani zile." Nilijua ni kweli.

Basi lao lilipita asubuhi, limejaa magunia. Binti alinipungia mkono dirishani kwa sababu aliambiwa apunge. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, kisha nikakumbuka nina mtama nimeuanika uwanjani na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.