Jogoo Aliyemwona Mwewe Peke Yake

Mama Vifaranga amefuga kuku tangu usichana wake, na lugha yao anaijua kama anavyoijua ya mumewe, fundi baiskeli. Mlio mmoja mrefu, mkali, maana yake mwewe yuko juu, na kuku wote hukimbilia chini ya mkokoteni. Mlio wa kukatakata maana yake paka au nyoka yuko karibu, nao husimama wakanyoosha shingo.

"Hawa wanaongea," humwambia mumewe.

Naye, mnyororo wa baiskeli mkononi, hujibu, "Makelele tu hayo, mke wangu. Kusema ni kwa binadamu."

Asubuhi moja Mama Vifaranga alimwaga pumba kwenye sinia uani. Jogoo, aliyechelewa kufika, akapiga ule mlio wa mwewe. Mitetea wakatimka. Mama Vifaranga akatazama juu: anga tupu, hata kunguru hakuna. Aliposhusha macho, jogoo alikuwa peke yake kwenye sinia, anadonoa bila haraka.

Fundi aliyaona yote. Akacheka mpaka spana ikamponyoka. "Mwongo mkubwa huyu."

"Makelele hayasemi uongo, baba watoto," mkewe alisema. "Mpaka uwe na neno ndipo unaweza kudanganya."

Fundi akainama kuiokota spana.

"Na juzi uliponiambia kuna mgeni mlangoni," mkewe akaendelea taratibu, "nikatoka nisione mtu, nikarudi nyama imepungua chunguni. Nilitaka kuuliza tu: jogoo amejifunza kwako, au wewe kwake?"