Mwenye Duka wa Kibakwe Aliyekataa Kukonda

Nilikwenda Kibakwe mara ya pili kwa ajili ya mtu mmoja aliyekataa kukonda. Mzee Hamisi, mwenye duka, alikuwa kati ya watu tuliowapima kwenye utafiti wetu wa sukari, mafuta ya damu na maradhi ya moyo. Majibu yake yalitisha: lehemu, yaani mafuta ya damu, juu, shinikizo la damu juu, insulini tele lakini mwili hauitii. Daktari wetu alimwandikia apunguze mwili, naye akarudisha jibu la neno moja: "Sipungui." Mimi nesi wa mradi, na sipendi kujibiwa hivyo.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Nkuhungu, mjini Dodoma, mimi na dereva wetu Yohana. Hadi Mpwapwa ni vumbi jekundu na mabua ya mtama. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Kila kituo kilikuwa na maduka mapya, madumu ya mafuta ya kupikia yamepangwa nje, yale yale tuliyokuwa tukiyapangia foleni. Baada ya Mpwapwa barabara ilianza kupanda milima, nami nikawa namlaumu Mzee Hamisi kila kona.

Saa saba mchana tulifika dukani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, nesi. Umekuja kunikondesha?"

"Nimekuja kukuuliza. Unataka kufa?"

Alicheka kidogo, kisha akanijibu taratibu. "Mwaka jana muuza nguo wa hapa alikonda kwa vidonda vya tumbo. Watu wakasema ana UKIMWI. Hakuna aliyenunua kwake tena hata kitambaa. Nikikonda mimi, mke wangu na wanangu watakula nini?"

Hasira ikaniisha. Swali hilo kwenye madodoso yetu halikuwamo. Akaomba barua yenye muhuri aibandike ukutani, isomeke kwamba anapungua kwa amri ya daktari. Nikaona ana haki. Tukaenda zahanati kutafuta muhuri, na mkewe, Bi Mwajuma, akafuatana nasi.

Nilikuwa bado naandika barua ya mumewe, Bi Mwajuma aliposema, "Mwanangu, na mimi niandikie."

"Wewe tena, mama? Wewe si mnene."

Akafungua khanga ya juu. Chini yake kulikuwa na nyingine, na nyingine, tano zote, na ndani amebaki mifupa. Tangu mavuno alikuwa anakwisha, kiu haikatiki, haja ndogo haimpi usingizi. Alivaa khanga juu ya khanga watu wasijue. Mumewe akakiri kwamba alijua, ila hakuthubutu kumuuliza, kwa kuogopa jibu liwe UKIMWI.

Nilipima mkojo wake. Kijiti kikageuka rangi palepale: sukari imejaa. Niliona aibu mno. Safari ya kwanza mama huyu alinipa chai, nikampita na futi yangu ya kupimia kwa sababu mradi ulitaka viuno vinene.

"Ni kisukari," nikawaambia. "Dawa ipo Dodoma, lakini twende leo hii."

Saa tisa tuligeuza gari. Safari ile ilinifunza kumuuliza aliyekonda kabla sijampima mnene. Mzee Hamisi alifunga duka mchana kweupe, akamshika mkewe mkono, majirani wamesimama milangoni wanatazama.

Yohana akamnong'oneza, "Mzee, watu watasema."

"Waseme," akajibu, akapanda nyuma na kumlaza mkewe kwenye mapaja yake.