Mkono Usiofika Sikioni

Jumatatu nilikuwa shuleni Itaka, siku ya kuandikisha watoto shule. Mzee mmoja alimleta binti yake aliyepooza mkono wa kulia. Mwalimu akamtaka aupitishe mkono huo juu ya kichwa ashike sikio la kushoto, ndipo ajue umri umetimia.

Binti akapitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, akashika sikio la kulia.

“Nimesema wa kulia.”

“Bwana mwalimu, mdogo wake si unaye darasa la pili?” baba akauliza.

“Mzee, chuoni tulifundishwa hivyo. Mlete mwakani.”

“Hata mwaka jana ulisema mwakani.”

Binti akatoka. Mimi chuo sijakiona hata mlango, lakini najua mkubwa hazaliwi baada ya mdogo. Nikasema hivyo kwa ukali, nikafukuzwa. Nje nilimkuta binti akiuinua mkono ule uliopooza kwa mkono wake wa kushoto, akiuzoeza kwa ajili ya mwakani.