Bawa la Chini ya Kitanda

Mama mkwe wangu alikuwa na neno moja tu la kunisema, na alilisema mbele ya yeyote mwenye masikio: "Huyu kijana anajua kuanza." Basi, hakuongeza. Hakuwa na haja ya kuongeza, maana ushahidi ulikuwa umezagaa nyumba nzima pale Mtoni. Mie ni fundi redio, na kila meza ilikuwa na redio iliyopasuliwa tumbo ikinisubiri nirudi. Uani kulikuwa na banda la kuku lenye kuta tatu. Kuku waliuona upungufu huo kabla yangu, wakaondoka. Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa ruksa na kila mtu kaanzisha mradi, nami nilikuwa nimeianzisha yote: barafu za mifuko, kukodisha baiskeli, kuonyesha video kwa viti vya kuazima. Hakuna hata mmoja uliofikisha masika ya pili.

Halafu nikanunua ndege.

Cheka tu, umeshatanguliwa na wengi. Ilikuwa ndege ya mtumba, ya kuongozwa kwa rimoti, lakini ukiiona utaona haya kuiita ya kuchezea. Ukiyaunganisha mabawa yake mawili, yananizidi urefu mie nikiwa nimesimama na kunyoosha mkono juu. Ina injini ya petroli ya kuchanganya na oili, kama ya Vespa, na pangaboi la mbao puani. Mwenyewe alikuwa mhandisi wa kizungu wa Oysterbay, mteja wangu; ile rimoti ilipogoma, mie ndiye niliyeitengeneza. Alikuwa anarudi kwao na anauza kila kitu, mpaka kamba ya kuanikia nguo. Watu wenye akili zao walinunua majiko na makabati. Mie nilikwenda kununua friji, mke wangu akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nikarudi na ndege.

Mke wangu alikuwa barazani pikapu ya jirani ilipoishusha. Aliizunguka, akaichungulia mpaka kwenye mkia.

"Friji iko wapi?"

"Hii mama, injini yake nzima kabisa. Inawaka mara moja."

"Inagandisha?"

Nikaushika mkia, nikaanza kuiingiza ndani.

Kwa haki yangu niseme jambo moja: kuirusha nilijua. Yule mzungu alikuwaga ananichukua Jumapili tunakwenda Chamazi, wakati huo kote mihogo na uwazi mtupu, akanifundisha kwa ndege hiyohiyo. Mwisho nikawa naipandisha na kuitua peke yangu, yeye kakaa kwenye buti la gari anatafuna karanga. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu shahidi wangu yuko Ulaya.

Mtoto akazaliwa salama, alhamdulillahi, na mama mkwe akashuka kutoka Kisarawe kuja kumlea mzazi mpaka arobaini. Alikuja na mkeka, chetezo, furushi la udi na majani ya kuchemsha. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku macho yake yako nyuma yangu, kwenye sebule, ambako kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimelala juu ya makochi.

"Na hii baba, utaimaliza?"

Sauti haikuwa ya ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Damu ikanipanda. Nikajibu kwa kiherehere kwamba siku ya arobaini, mtoto akishanyolewa, nitaipandisha ndege hiyo angani naye atakuwa amesimama pale pale akiiona kwa macho yake.

"Inshallah," akasema, kama mtu anayemjibu mlevi.

Basi nikajifunga kibwebwe. Sijapata kutaka kitu maishani kama nilivyotaka yule mama aone nimemaliza jambo. Redio za watu nilizisukuma kando. Mpira wa petroli ulikuwa umekauka na kupasuka. Nikaweka wa pikipiki. Mkia ulikuwa mzito kuliko pua. Nikaenda kwa wavuvi kununua chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mishipi, nikazipachika puani mpaka ndege ikasimama sawa juu ya vidole viwili. Fundi redio mzima nikawa nanuka oili, wateja wakija wananikuta nimepiga magoti nasukuma vijiti vya rimoti na kutazama mkia ukipepea, huku nikisema peke yangu, "Kulia. Kushoto. Juu." Mmoja alichukua redio yake bila kuaga.

Kilichobaki ni mabawa. Yalitengenezwa kwa mbao nyepesi, nyepesi kama sifongo kavu, na juu yake yamevikwa ngozi ya plastiki ambayo kwa joto la Dar ilikuwa imelegea na kukunjamana. Mzungu aliniambia ngozi ile inakazwa kwa pasi, taratibu, kwa mkono mwepesi. Nilipanga kufanya hivyo. Tangu siku ndege ilipofika hakukuwa na mahali pa kuyaweka. La kulia nililisimamisha nyuma ya kabati sebuleni. La kushoto nililisukumia chini ya kitanda cha chumbani.

Mwenyeji wa pwani ameshajua kilichofuata. Mzazi huwa hawekwi hivihivi. Kwanza, mume unatolewa chumbani. Mie nililala sebuleni kwenye mkeka, ubavuni mwa ndege, kama mlinzi wa kiwanja. Pili, mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anafukizwa, na chini ya kitanda chake kinawekwa kigae cha makaa ili joto limpande mgongoni na kumrudishia mwili. Mama mkwe hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Asubuhi makaa, jioni makaa, na udi juu yake. Bawa alilisogeza kidogo kwa mguu, akaweka kigae chake, akaendelea na kazi iliyomleta. Chumba kile mie sikuwa na ruhusa ya kuingia ovyo, na hata ningekuwa nayo, nani angemwambia mama mkwe asimpashe mwanawe moto?

Asubuhi ya arobaini nikalivuta bawa langu. Salaale! Ngozi ilikuwa imekaza tii, haina kunyanzi hata moja, ukiigonga kwa ukucha inalia kama ngoma. Wala sikujiuliza. Nilidhani ni baraka ya mtoto. Nilichoshindwa kuona ni kwamba ngozi ya upande wa chini ilikaza kuliko ya juu, ikaivuta na mbao yenyewe.

Mtoto akanyolewa, dua ikasomwa, ubwabwa ukaliwa, tukapanda pikapu kwenda Chamazi. Nilikuwa nimetangaza mtaa mzima, kwa hiyo nyuma yetu lilifuata lori la mchanga limejaa majirani. Wanawake walivaa sare za kanga kana kwamba tunakwenda kuposa. Mzungu, kabla ya kuirusha, alikuwa anasimama nyuma ya ndege, anafumba jicho moja na kulipima kila bawa kama fundi seremala anavyopima ubao. Mie siku ile nilisimama nyuma ya ndege nikawapima watazamaji.

Nikazungusha pangaboi, injini ikanguruma mara moja. Mbuzi wakakimbia. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikainua mkia, ikaacha ardhi. Vigelegele! Wallahi, vilinitoa machozi. Badala ya kuiangalia ndege nikamwangalia mama mkwe. Alikuwa amemkumbatia mjukuu wake na mdomo kauacha wazi. Nikasema moyoni: leo umenikoma.

Nilipogeuza macho, ndege ilikuwa inainamia kushoto. Nikasukuma kijiti kulia. Ikazidi kuinama. Nikasukuma mpaka mwisho, nikapinda na mwili wangu wote kulia kama vile ingenionea huruma. Ikachora duara moja juu ya mihogo, ikajigeuza tumbo juu, ikashuka kwa pua. Kwa kishindo kile nikatupa rimoti, nikakimbia.

Nilifika wa kwanza. Pangaboi limevunjika, pua imezama udongoni pamoja na chubwi zangu. Bawa la kushoto lilikuwa limechomoka zima zima, na sasa, bila watu wa kunipigia vigelegele, niliona: lilikuwa limejipinda kama ukili wa mkeka ulioachwa juani, na upande wa chini lina doa la kahawia la mviringo. Nikalisogeza puani. Lilinukia udi.

Nikaelewa yote. Na nisidanganye, kitu cha kwanza kunijaa kilikuwa furaha. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kosa halikuwa langu, au angalau halikuwa langu peke yangu, na ushahidi ninao mkononi.

Mama mkwe akaja akipenya katikati ya mihogo, mtoto kifuani, mke wangu nyuma yake, majirani wote nyuma yao. Alikuwa anahema. Magoti yalikuwa yanamsumbua, nilijua, kwa sababu kila alipoinama kuweka yale makaa nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani akiguna na kumwita Mungu, halafu anainama tena. Mwanawe, mke wangu, alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, anatembea kama hajawahi kulazwa.

"Imekuwaje, baba?"

Watu wakasogea wasikie. Nililigeuza bawa, doa likatazama chini.

"Nimekosea mie, mama."

"Najua," akasema, akageuka kurudi kwenye gari.

Najua! Hata hakufikiri. Nilitamani kumkimbilia nimsogezee lile bawa puani, avute udi wake mwenyewe. Badala yake nikapiga magoti, nikaanza kuokota vipande kwa hasira, na majirani wakadhani nalilia ndege, wakaanza kunipa pole.

Mke wangu alibaki nyuma kunisaidia kukusanya. Alipofika kwenye lile bawa aliligeuza, akalitazama doa, akalinusa. Halafu akanitazama mie.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

Akaligeuza bawa tena, doa chini. Tulipanda nyuma ya pikapu na vipande vyetu, na gari lilipoondoka akanishika mkono, mchana kweupe, mbele ya lori zima la majirani, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu. Mbele, dirisha likiwa wazi, tulimsikia mama yake akimweleza dereva jinsi alivyojua tangu asubuhi kwamba kitu kile kitaanguka. Mke wangu akanibana vidole nisijibu. Wala sikuwa na mpango wa kujibu.