Namba Isiyojulikana Mezani pa Chaji

Juzi hapa Kasongo nilipeleka simu kuchaji, kwenye ile meza inayobeba simu za mtaa mzima. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anamwonyesha mchajishaji ujumbe kutoka namba asiyoijua: "Sauti yako ni ya mbuzi. Watu wote wanakucheka. Acha kuimba."

"Mama, piga tu hiyo namba," mchajishaji akasema.

Akapiga. Simu moja ikalia palepale mezani. Mwenyewe, mwanakwaya mwenzake, alikuwa nyuma yetu akingoja. Akaziba mdomo kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

Mama akacheka mpaka akashika meza. "Dada, telefone yako imejaa, chukua. Kesho tuko na mazoezi. Uje usimame karibu na mbuzi."

Ukitaka kutukana watu kwa siri Kasongo, kwanza uwe na umeme nyumbani.