Kompyuta Iliyokataa Wasifu

Jana kompyuta yangu ilianza kujiwekea mfumo mpya nikiwa katikati ya kuandika wasifu wa marehemu baba. Nikakumbuka mchana mmoja kwenye duka lake la kuchapa, mtaa wa Mabatini, lenye harufu ya wino na ya dagaa wa jirani. Fundi alikuwa amemwekea mfumo mpya kwenye kompyuta, toleo la majaribio. Wafiwa walisubiri wasifu wa ndugu yao wawahi meli ya kwenda Nansio, na kioo kilizima kila baada ya muda.

“Mfumo gani huu!” baba alifoka, akipiga meza.

Bibi mmoja kati ya wafiwa akanong'ona, “Marehemu hataki kuandikwa.”

Niliamini kabisa. Sasa najua lile toleo lilikuwa limeisha muda tu. Lakini jana kioo kilipozima, nilijikuta nakifokea: “Baba, kubali basi, tunazika kesho!”